Wagstaff, nahodha aliyebeba makombe manne huku vita vikipiganwa

Shabiki wa soka akisikia jina Huddersfield, kinachomjia kichwani ni Herbert Chapman na ile Huddersfield Town iliyobeba ubingwa wa England mara tatu mfululizo, 1924, 1925 na 1926. Sawa kabisa. Lakini kabla Chapman hajatia mguu pale, mji huo ulikuwa na mfalme mwingine, na mpira aliokuwa akiuchezea ulikuwa na umbo la yai.

Hali ya soka mjini hapo ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1919 ulisukwa mpango wa kuihamisha Town nzima kwenda Leeds. Uwanja haujai, fedha hakuna. Watu walikuwa wapi? Walikuwa Fartown, kwenye ragbi, wakimtazama Harold Wagstaff na jeshi lake lenye jezi za damu ya mzee na dhahabu.

Wagstaff alizaliwa Mei 19, 1891 katika kitongoji cha Underbank, Holmfirth, maili chache tu kutoka Huddersfield. Ni ukanda wa viwanda vya sufu kaskazini mwa England, mvua haikatiki, na vijana wa huko walitoka kiwandani Jumamosi mchana wakaingia uwanjani moja kwa moja.

Ragbi aliyoikuta haikuwa ile ya mabwana wa London. Agosti 29, 1895, viongozi wa klabu za kaskazini walikutana katika Hoteli ya George mjini Huddersfield wakajitoa kwenye chama kikuu cha ragbi. Chanzo kilikuwa mkate wa watu. Mchimba makaa akikosa kazi Jumamosi ili acheze, ujira wake unakatwa. Klabu zilitaka kumfidia shilingi sita, wakubwa wakakataa wakidai mchezo ni wa kuridhisha moyo, hauna malipo. Maneno mazuri hayo kwa mtu ambaye baba yake ana shamba. Hao wa kaskazini wakaunda Northern Union, chama ambacho mwaka 1922 kilibadilisha jina na kuwa Rugby Football League. Mwaka 1906 walipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 ili mpira utembee.

Na mwaka huohuo, Novemba 10, 1906, Huddersfield ilimchezesha kinda huyo kwa mara ya kwanza, dhidi ya Bramley. Alikuwa na miaka 15 na siku 175. Kwa hapa kwetu huyo ni mtoto wa kidato cha pili, anatakiwa awe anahangaika na hesabu za aljebra. Klabu ilikuwa imemchukua kutoka Underbank Rangers, timu ya mtaani kwao, kwa sarafu tano za dhahabu.

Hakukaa benchi kusubiri akue, na hata benchi lenyewe halikuwepo. Akiwa na miaka 17 aliitwa timu ya jimbo la Yorkshire. Januari 2, 1909, bado ana 17, akavaa jezi ya England kuwakabili Australia, tena mechi yenyewe ikipigwa mjini Huddersfield mbele ya watu wa kwao. Alipofika miaka 20 akapewa unahodha wa klabu, akiwaamrisha watu wazima waliokuwa wakicheza yeye akiwa bado anafukuza kuku.

TIMU YA VIPAJI VYOTE

Huddersfield haikujengwa na vijana wa nyumbani peke yao. Mabosi wa Fartown walisaka watu kokote. Wales ilitoa Ben Gronow, fowadi mwenye mguu wa kupiga mikwaju, na Johnny Rogers aliyekuwa mwepesi kama mshale. Cumberland ilimtoa Douglas Clark, pande la mtu ambaye pia alikuwa mcheza mieleka wa kuogopwa. Kutoka Sydney alikuja Albert Rosenfeld, winga mfupi aliyetua England na msafara wa kwanza wa Australia wa 1908, akapata mchumba Huddersfield na safari ya kurudi ikaishia hapo.

Huyu Rosenfeld anahitaji aya yake. Msimu wa 1911-12 alifunga trai 78. Watu wakasema hiyo haitavunjwa. Msimu wa 1913-14 akaivunja mwenyewe, akafunga 80. Zaidi ya miaka 100 imepita na hakuna aliyeifikia.

Ila kila trai ya winga ina mtu aliyeitengeneza. Wagstaff alicheza senta, nafasi inayofanana na ya kiungo mchezeshaji kwenye soka, mtu wa kuamua mpira uende wapi na lini. Timu nyingi za wakati ule zilibutua mpira mbele na kuukimbilia, bora liende. Yeye hakutaka hivyo. Mpira ukishapatikana ukae mikononi, upite kutoka mtu hadi mtu, upanuke hadi kwa winga. Kwa upande wake winga huyo alikuwa Stanley Moorhouse, na wawili hao walijuana kiasi kwamba hawakuhitaji kutazamana.

Walikuwa na ujanja wao mmoja uliowatoa jasho marefa. Mwenye mpira anaupeleka mbele, mwenzake anajikuta tu, kwa bahati nzuri sana, amesimama kwenye njia ya beki. Beki anapaswa amzunguke, na akimaliza kuzunguka mtu keshapita. Waingereza waliuita ujanja huo uzuiaji wa kisayansi. Anayetazama soka la siku hizi ameuona kwenye kona, pale mshambuliaji anapomwekea kipa mwili na refa anaangalia kwingine.

Matokeo yakaanza kumiminika. Msimu wa 1911-12 walitwaa ubingwa wa ligi, Ligi ya Yorkshire na Kombe la Yorkshire. Msimu uliofuata wakabeba Challenge Cup kwa kuifunga Warrington 9-5, na fainali ya ubingwa wakaichapa Wigan 29-2. Msimu wa 1913-14 wakaongeza makombe mawili ya jimbo, ila fainali ya ubingwa wakaanguka mbele ya Salford, 5-3. Timu ile ile iliyomwona winga wake akifunga trai 80 ilishindwa kupata zaidi ya pointi tatu siku iliyohitajika. Mashabiki wa soka wanaijua siku ya namna hiyo.

SYDNEY, JULAI 4, 1914

Majira hayo ya joto Wagstaff, sasa ana miaka 23, akaongoza msafara wa Uingereza kwenda Australia na New Zealand. Wenzake kadhaa wa Huddersfield walikuwemo melini, Clark, Rogers, Moorhouse na fowadi Fred Longstaff miongoni mwao.

Mechi ya kwanza dhidi ya Australia ilipigwa Juni 27, Uingereza ikashinda 23-5. Ya pili ikachezwa siku mbili tu baadaye, Australia ikajibu kwa 12-7. Ya tatu ilikuwa ichezwe baadaye sana, lakini wenyeji walipoona mageti yanaingiza fedha wakaisogeza hadi Julai 4. Mechi tatu za kimataifa ndani ya siku nane, kwenye mchezo wa kugongana mabega na mbavu. Viongozi wa msafara waligoma, maana nusu ya kikosi kilikuwa majeruhi. Simu ikapigwa England, na jibu likarudi kwamba wacheze. Watu waliokuwa wamekaa maofisini maelfu ya maili kutoka Sydney waliona inawezekana.

Zaidi ya watu 34,000 waliingia Uwanja wa Kriketi wa Sydney siku hiyo, na mapema tu balaa likaanza. Winga Frank Williams akaumia mguu, akawa anachechemea pembeni. Clark akavunjika kidole gumba, akafungwa bandeji, akarudi, kisha akavunjika mfupa wa bega. Kipindi cha pili Billy Hall akabebwa nje, amepigwa kichwani hajitambui. Sheria za wakati huo hazikujua mchezaji wa akiba. Ukitoka umetoka, na pengo lako linabaki wazi.

Uingereza walikuwa wanaongoza 9-0 wakati wa mapumziko. Kipindi cha pili wakafika mahali wako 10 uwanjani dhidi ya 13, na jua la Sydney limekataa kuzama.

Hapo ndipo nahodha alipoonyesha alichokuja kufanya. Aliipanga upya safu ya ulinzi kila alipopungua mtu, akakaba kila aliyemkaribia, na mpira ulipomwangukia akafanya jambo ambalo timu ya watu 10 haitakiwi kulifanya. Alishambulia. Alipenya katikati ya mabeki, akavuta watu, akamwachia Chick Johnson, fowadi aliyesogezwa winga kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki mzima. Johnson akakimbia, kisha akauachia mpira chini na kuanza kuukokota kwa miguu. Mpira wa yai, kwa miguu, kama winga wa soka anavyoshuka na chaki, hadi mstarini akauangukia. Trai. Alf Wood akapiga mkwaju wake wa nne siku hiyo na ubao ukasoma 14-0.

Dakika za mwisho Australia wakapata trai mbili, lakini muda haukutosha. 14-6, na kombe likaondoka Sydney na watu waliokuwa wanashikana mabega ili waweze kutembea.

Waandishi waliibatiza mechi hiyo Rorke's Drift, wakikumbuka kituo kule Natal, Afrika Kusini, ambako mwaka 1879 askari wapatao 150 wa Kiingereza waliwazuia maelfu ya mashujaa wa Kizulu. Jina limeganda hadi leo. Ni vyema shabiki wa Kiafrika akajua pia kwamba saa chache kabla ya kituo hicho kushambuliwa, Wazulu walikuwa wamelifyeka jeshi la Kiingereza pale Isandlwana, jirani kabisa. Hakuna mechi iliyowahi kupewa jina hilo.

MSIMU WA VITA

Agosti 1 msafara ulicheza na New Zealand mjini Auckland na kushinda 16-13. Siku tatu baadaye Uingereza ikaingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Wagstaff na wenzake waliondoka nyumbani kukiwa na amani, wakarudi wakakuta vijana wenzao wamepanga foleni kujiandikisha jeshini.

Swali likawa kama msimu uchezwe au usichezwe. Soka liliendelea na likatukanwa sana magazetini kwa kuendelea. Northern Union nayo ikaamua kuendelea, na haikukwepa matusi. Mageti yakashuka, klabu zikaanza kukata mishahara ya wachezaji, na wachezaji wakaanza kunung'unika. Kila wiki kulikuwa na jina linalopungua kwenye kikosi fulani kwa sababu mwenyewe kavaa sare.

Ligi yenyewe ilikuwa na mtindo wa kipekee. Jedwali kuu lilikuwa moja kwa timu za Yorkshire na Lancashire pamoja, lakini timu hazikukutana zote. Kila klabu ilicheza nyumbani na ugenini na za jimbo lake, kisha ikachukua chache kutoka ng'ambo ya milima ya Pennines. Mechi za majirani zilihesabika kwenye jedwali kuu na vilevile kwenye Ligi ya Yorkshire. Kwa hiyo kila Jumamosi ya jirani kwa jirani ilikuwa na makombe mawili ndani yake, ukiacha ule utani wa mtaani ambao wenye mji wanaujua. Juu ya hapo kulikuwa na Kombe la Yorkshire la mtoano, na Challenge Cup iliyokusanya klabu zote. Ni sawa na timu moja ya Dar es Salaam ibebe ligi ya mkoa, kombe la mkoa, Ligi Kuu na Kombe la FA ndani ya miezi tisa. Kabla ya hapo ni Hunslet peke yake iliyowahi kufanya hivyo, msimu wa 1907-08.

Huddersfield walianza na Kombe la Yorkshire. Fainali ilipigwa Novemba 28, 1914 kule Headingley, Leeds, dhidi ya Hull. Hull hao hawakuwa wa kubeza, miezi michache nyuma walikuwa wametwaa Challenge Cup. Wakala 31-0. Fainali hiyo.

Baada ya hapo timu ikawa inapita kama treni ya mizigo isiyo na breki. Katika mechi 34 za ligi walishinda 28, sare nne, na kupoteza mbili tu. Walifunga pointi 888 na kuruhusu 235, wakati huo trai ikiwa na thamani ya pointi tatu. Rosenfeld, ambaye wengine walisema anazeeka, alifunga 56. Gronow alikuwa akitia mikwaju kama anapiga penalti kwenye goli lisilo na kipa. Ligi ya Yorkshire ikaingia kabatini, na timu ikamaliza kileleni mwa jedwali kuu.

Lakini kumaliza kileleni hakukutosha. Nne bora ziliingia mtoano kuamua bingwa, na humo ndimo Salford walimowatia kidole machoni mwaka uliotangulia. Aprili 24, 1915 wakakutana na Leeds pale Belle Vue, Wakefield. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya milima, Old Trafford ilikuwa inachezwa fainali ya Kombe la FA, Sheffield United wakiifunga Chelsea 3-0 mbele ya majukwaa yaliyojaa sare za kijeshi. Pale Wakefield hakukuwa na mashaka yoyote. Huddersfield 35, Leeds 2. Deni la mwaka mzima likalipwa, japo si kwa aliyelikopesha.

Likabaki moja.

Mei 1, 1915, Uwanja wa Watersheddings, Oldham, watazamaji wapatao 8,000. Wapinzani walikuwa St Helens, na kilichotokea chumbani kwao siku hiyo kinasikitisha kuliko matokeo yenyewe. Wachezaji waliambiwa kwamba hakuna bonasi ya fainali. Watu waliopambana raundi hadi raundi, mishahara imekatwa, vita iko mlangoni, wanaambiwa hayo jezi ziko mkononi. Wakagoma kutoka. Ikabidi nahodha wao, Tom Barton, awabembeleze hadi wakakubali kuingia. Mpenzi wa soka la Afrika hahitaji kufafanuliwa, amewahi kuona timu ya taifa ikigoma hotelini kwa sababu ya posho.

Waliingia miili tu. Huddersfield walishinda 37-3, na Wagstaff akapokea kombe la nne. Alikuwa bado hajatimiza miaka 24. Fainali tatu za msimu huo, jumla ya pointi 103 kwa 5.

Hakuna aliyejua kama atacheza tena. Mashindano yalisimamishwa baada ya msimu huo, na ile timu, iliyokuwa kwenye ubora wake wa juu kabisa, ikatawanyika.

SARE BADALA YA JEZI

Wagstaff alijiunga na kikosi cha usafiri wa magari cha jeshi, kambi ya Grove Park, London. Kambi ilikuwa na timu ya ragbi, na humo akawakuta Clark, Gronow na Rosenfeld. Chama cha mabwana, ambacho kwa miaka 20 kilimfungia maisha mtu yeyote aliyecheza Northern Union, kiliruhusu wanajeshi wachanganyike kwa muda wa vita. Mabwana wakajuta. Msimu wa 1916-17 Grove Park walicheza mechi 26, wakifuata sheria ambazo wengi wao hawakuzizoea, na kupoteza moja.

Kisha wakatawanywa zaidi. Wagstaff alipelekwa Misri, Rosenfeld akaenda Mesopotamia, ndiyo Iraq ya leo. Clark alivuta gesi ya sumu kwenye mapigano ya Ulaya na akatunukiwa Nishani ya Kijeshi. Longstaff, aliyekuwa naye Sydney na aliyekuwa fowadi wa kazi chafu kwenye msimu ule wa makombe manne, aliuawa Ufaransa Julai 1916, vita vya Somme.

Waliorudi walikaribia kuufanya muujiza kwa mara ya pili. Msimu wa 1919-20 walibeba makombe yote mawili ya jimbo, wakachukua Challenge Cup kwa kuifunga Wigan 21-10, na wakafika fainali ya ubingwa dhidi ya Hull. Lakini wachezaji watano, Wagstaff mwenyewe akiwemo, walikuwa tayari wameitwa kwenye msafara mwingine wa Australia na meli haikusubiri. Huddersfield iliyopungua watu watano ikapoteza fainali hiyo 3-2. Pointi moja.

Msafara wenyewe haukumletea faraja, Australia walishinda. Akawasubiri nyumbani. Mechi ya mwisho ilichezwa Salford, Januari 14, 1922, mfululizo ukiwa moja kwa moja, na Uingereza chini yake ikashinda 6-0.

Alistaafu 1925, mwaka ambao Town ya Chapman ilichukua ubingwa wa pili na mji ukaanza kugeuza shingo kuelekea soka. Alikuwa ameichezea Huddersfield mechi 436 na kufunga trai 175, klabu moja tangu ana miaka 15. Baadaye akajaribu ukocha na akaendesha baa, kazi ya wastaafu wengi wa enzi hizo, ambako wateja walikuja kunywa na kuulizia habari za Sydney.

Alifariki Julai 19, 1939 akiwa na miaka 48. Wiki sita baadaye vita ya pili ikaanza.

Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa mchezo huo ulipofunguliwa mwaka 1988, majina tisa tu ndiyo yaliyoingia siku ya kwanza. Wagstaff alikuwamo, na Rosenfeld pia. Mwaka 1995, mchezo ukitimiza miaka 100 tangu kile kikao cha Hoteli ya George, posta ya Uingereza ilitoa stempu tano za wachezaji wakubwa wa ragbi hiyo, mojawapo ikiwa na sura yake. Huddersfield wenyewe walikuwa wameshaihama Fartown miaka mitatu nyuma. Uwanja wanaoutumia sasa wanagawana na Town.